Pole Mbele ya Jaji Yorona

Kabla sijaingia mahakamani niseme kwanza ya mayai. Kulikuwa na mtu wa Muheza aliyekuwa akituletea mayai Ngamiani, kule Tanga, kwa baiskeli. Jina limenitoka, sura ninayo. Alikuwa na matenga mawili yaliyojazwa majani makavu, na mayai yamelala humo kama watoto wa sultani. Siku hiyo mimi nimekaa barazani kwa fundi cherehani, nangoja suruali yangu ipunguzwe kiuno, maana nilikuwa nimeinunua kwa mtu mnene. Yule bwana akakata kona, mbuzi akaingia barabarani, baiskeli ikaenda kushoto na mwenyewe akaenda kulia. Sijapata kuona njano nyingi namna ile. Na mtaa mzima kwa sauti moja, kama wanaoitikia dua: "Poleee!" Fundi, pini mdomoni: "Pole, bwana." Mama wa mihogo: "Pole baba, pole sana." Hata watu waliokuwa ndani, ambao hawakujua kimeanguka nini, walisema pole kwa kupitia dirishani. Yeye naye anajibu huku na huku, "Nishapoa, nishapoa," ute unamchirizika kwenye nyusi. Hakuna aliyemgeukia mwenzake akasema, we fundi, mbona unasema pole, kwani ni wewe uliyemwangusha? Mtu angeuliza hivyo tungempeleka kwa mganga. Suruali yenyewe haikunikaa, lakini hayo mengine.

Neno hilo tulikuja nalo Marekani na halikupimwa kwenye mizigo. Tulipofika tukaambiwa pole kwa Kiingereza ni "sorry". Tukashukuru, tukalivaa hivyo hivyo bila kutazama ndani lina nini.

Juzi tulikuwa Brooklyn Park nyumbani kwa Mama Neema, tumekaa msiba wa mtu ambaye hata mwili wake haukuwa hapa. Kazungu amefia Ohio na huko huko wamemzika. Mama Neema alipika pilau kama la harusi, akasema marehemu hakupenda chakula cha huzuni. Wajukuu wakapita wakitupa shikamoo zao, na baada ya shikamoo yote yaliyobaki ni Kiingereza. Zuhura, binti ya mwanangu, alikuwa ametusikia tukitaja jaji, polisi, kesi, na jinsi Kazungu alivyotuacha. Akaja akaninong'oneza, "Babu, was he in jail or something?" Nikamwambia hapana mama, kesi tulishinda. Tena tulishinda ushindi wa kupigiwa vigelegele. Akafikiri kidogo. "Then why did he leave?" Nikarudisha nyama sahanini. Ndiyo maana naandika. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayetaka koma na nukta zikae mahali pake azipange mwenyewe.

Mwaka wenyewe ni katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafagia maofisi kwenye majengo marefu ya Minneapolis, naingia watu wakitoka, natoka watu wakiingia. Nikitoka, basi la kwenda Columbia Heights lilikuwa na maringo, linakuja linapotaka, na baridi ya huku si baridi ya kusema jamani leo kuna baridi. Vinyweleo vya puani vinakuwa sindano. Asubuhi moja nikajipenyeza kwenye jengo moja kubwa nipashe miguu moto, nikakuta mlinzi na mlango wa kukaguliwa vyuma. Akaniuliza nina kesi gani. Nikamwambia kesi yangu ni baridi. Akacheka mpaka mkanda ukalegea, akasema hapa ni mahakama, mahakama ni ya watu wote, chagua chumba chochote ukae. Chumba chochote! Sisi kwetu mahakama ilikuwa mahali pa kupita umeinamisha kichwa, ukiwa na shati safi ili usidhaniwe ni mshtakiwa. Hapa naambiwa niingie kama naingia sinema, tena bila tiketi. Nikaingia. Nikaona. Ndugu zangu, nikanogewa. Kuanzia siku ile basi likawa linapita bila mimi.

Mambo mengi niliyaelewa kinyume, sifichi. Kulikuwa na mama anabonyeza kimashine kidogo bila kutazama vidole, nikadhani ni kinanda cha kumliwaza jaji, kumbe anaandika kila neno linalotoka kinywani mwa mtu. Na kila wakili akisimama anamwita jaji "Yorona". Ndivyo nilivyosikia mimi, Yorona. Nikaenda chumba cha pili, jaji mwingine kabisa, mwanamke, naye Yorona. Cha tatu Yorona. Nikarudi nyumbani nikamwambia Kazungu, "Mji huu una ukoo mmoja umeshika mahakama yote, wanaitwa wa kina Yorona." Kazungu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kimefika kidato cha nne, alilala chini. "Shomari! Wanasema Your Honor, ni kama kusema mheshimiwa! We, utaniua!" Tangu hapo kila jaji kwetu ni Jaji Yorona, na jina likaenea kwa Waswahili wote wa huku.

Kazungu alikuwa mtu wa Malindi, Mgiriama, tulipanga pamoja chumba kimoja na sebule. Chumba kina kitanda chake na changu, na bomba la mvuke linalogonga kama mtu amefungiwa ukutani. Yeye kazi yake kuendesha vani ya kubeba wazee, anawatoa majumbani, anawapeleka kliniki, anawarudisha. Anawafunga mikanda, anawashikia fimbo, na kila bibi kizee wa upande wa kaskazini anamjua kwa jina. Jioni, kabla sijaenda kazini, ndiyo ilikuwa saa yetu ya kula. Yeye anasonga ugali wa semolina, mimi nakaanga samaki wa ziwani ambaye Kazungu alimwita samaki yatima, kwa kuwa hajui chumvi ya mama yake, na tui tunatoa kwenye makopo ya duka la Wahmong, watu wa Asia, kule Saint Paul. Huku tunakula namsimulia kesi ya siku kama mtangazaji wa mpira. Leo wakili kasimama, kapiga kelele "napinga!", Yorona kasema sawa imepingwa, swali limekwenda nje, kona! Kazungu anasahau tonge mkononi.

Niliowapenda kupita wote ni wale watu kumi na wawili wanaoamua kesi. Kwetu Tanganyika tulikuwa na wazee wa baraza, wanakaa na hakimu wanamshauri, hakimu akipenda anasikia, asipopenda anapiga chafya. Hawa hapa wanaokotwa mtaani, huyu fundi bomba, huyu mwalimu, huyu anauza viatu, na jaji mwenyewe hawezi kuwalazimisha waseme nini. Kesi ikiwa ndogo wanakaa sita. Na kabla ya yote Yorona anawageukia anawaambia, mtu huyu mnayemwona amekaa pale, sasa hivi ninavyosema, hana hatia. Hakusema labda. Hana. Kazi ya kuwatoa shaka ni ya serikali, yeye mshtakiwa hana kazi, anaweza kukaa kimya mpaka jioni na kimya chake msikihesabu. Siku ya kwanza kusikia hayo nilitaka kupiga makofi, nikajikalia mikono. Nikamwambia Kazungu, "Fikiria, serikali inakushtaki, halafu serikali hiyo hiyo, ukiwa huna kitu, inakupa wakili wa kuipiga." Kazungu akatikisa kichwa. "Hiyo ni kama mtu akupige kofi halafu akushikie mkono umrudishie. Wacha uongo, Shomari."

Haikupita miezi mingi, ikawa zamu yake.

Ilikuwa asubuhi ya mvua inayoganda, huko kitongoji cha Crystal, uwanja wa magari wa duka la vyakula. Kazungu yuko na gari lake mwenyewe, siyo vani. Anarudi nyuma taratibu, anatazama kioo, anamwona mzee amebeba mfuko, anakanyaga breki. Mzee yuko chini. Kazungu akashuka mbio, akapiga magoti kwenye barafu, akamvulia koti akamfunika, akamshika mkono. Na mdomo ukafanya ulichofundishwa na mama yake. "Sorry, baba. Sorry sana. Sorry, sorry." Polisi akafika, akamkuta hapo. Kazungu akamtazama polisi, naye kwa heshima akamwambia, "I'm so sorry." Kwa nini umwambie polisi pole? Kwa sababu amekuja kwenye baridi, amekuta balaa, ana kazi. Sote tungemwambia. Lakini yule aliandika kwamba dereva amekiri. Mzee yule, anaitwa Arvid, alivunjika nyonga, na kichwani hakubaki na kitu chochote cha asubuhi ile. Mashahidi hakuna. Kazungu akashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu.

Jioni ile hakusonga ugali. Alikaa kitandani na viatu. Nikamwuliza, "Ulimgonga?" Akaniambia maneno ambayo lazima nimweleze Zuhura, maana kesi yote kwake ilikuwa hapo. "Shomari, sijui. Nilikanyaga breki. Sikusikia kitu. Lakini kulikuwa na barafu, gari huenda iliteleza kidogo. Au yeye aliteleza mwenyewe. Naiona, naiona, kila nikiiona inakuja tofauti. Mimi nabeba wazee, wananipa mikono yao. Nataka mtu aniambie. Kama nilimgonga, waniambie nilimgonga. Kama sikumgonga, waniambie." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya mahakama, ndugu yangu, wana watu sita na mama wa kimashine. Akapumua. "Kwetu wazee wakikaa," akasema, "jambo halinyanyuki mkekani mpaka lijulikane. Basi na wakae."

Wakili aliyepewa alikuwa msichana mwenye mafaili mengi kuliko mikono, Bi Karini, nywele zimefungwa kwa penseli. Alikuja mpaka kwetu mara moja, akala samaki yatima, akasifu, akalia pilipili. Akamweleza Kazungu polepole: serikali inasema, ukikubali kosa dogo zaidi, utalipa faini, mambo yameisha leo. Mimi moyoni nasema chukua, bwana, chukua! Huku moyo mwingine unasema usichukue, twende mbele ya Yorona! Kazungu akauliza, "Nikikubali, nakubali nini?" Bi Karini akamwambia, utasimama useme ulifanya. "Na kama sijui?" Msichana akaweka uma chini. "Basi huwezi kukubali. Lakini nisikilize, Kazungu. Hilo la kutojua usilitamke mahali popote. Hutasimama kutoa ushahidi. Utakaa kimya. Wao ndio wathibitishe." Na akaongeza, namkumbuka hata alivyogeuza kichwa: "Wala sita wale hawataulizwa ulimgonga au hukumgonga. Wataulizwa kama serikali imethibitisha." Kazungu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na adabu sana, angeitikia kwa mtu anayemsomea saraka ya simu.

Ehe! Siku ya kesi. Mimi suti ya kahawia, imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Nilikuwa nimeitwa shahidi! Bi Karini aliona kesi yote iko kwenye lile neno, akataka mtu wa kuwaeleza wale sita kwamba pole siyo samahani, kwamba samahani ni ya mwenye kosa na pole ni ya mwenye macho. Mama Neema, ambaye wakati ule alikuwa mpya kutoka Moshi na analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia, akakusanya watu wa kanisani na wa msikitini, Watanzania na Wakenya, wakajaza mabenchi matatu. Karani akadhani ni arusi. "Jamani," Mama Neema akawaonya mlangoni, "humu ndani hakuna kukohoa, hakuna pambio, na wewe Mzee Shomari usimwite mtu Yorona."

Nikaitwa. Nikatembea. Nikanyanyua mkono wa kulia, nikaapa, na sauti yangu ikatoka nzuri, nasema kweli. Mwendesha mashtaka, kijana mrefu, akasimama. Amepinga. Wakakaribia kwa jaji, wakanong'ona wote watatu. Huyu bwana, akasema jaji akinitazama kwa huruma, si mtaalamu wa lugha, wala upande wa pili haukuambiwa mapema. Asante, unaweza kushuka. Nikashuka kabla kiti hakijapata joto langu. Nimemaliza ushahidi wangu kwa kutaja jina. Pale kwenye benchi Mama Neema ananiambia taratibu, "Umejitahidi." Nikatamani kuvua suti.

Polisi yeye alisema yote, na kusema kweli hakusema uongo hata kidogo. Alikuta mtu amepiga magoti, anaomba radhi, anarudia. Kwenye lugha yake ndivyo ilivyo. Nikawatazama wale sita, nikaona wanaandika. Mzee Arvid naye akaletwa na kiti cha magurudumu, akaulizwa anakumbuka nini. "Nakumbuka mfuko," akasema. "Baada ya mfuko nakumbuka dari la gari la wagonjwa." Kazungu alikuwa amemwinamia kwa mbele kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Bi Karini akamvuta mkono akae vizuri.

Tukaenda kula. Kwenye korido Mama Neema akafungua sufuria, chapati zimekunjwa ndani ya taulo, na kuku mkavu. Walinzi wakanusa, wakapewa. Mtu mmoja wa Mombasa akasema, "Neno lenyewe limekataliwa mlangoni. Sasa tutashinda na nini?" Kazungu hakula. Alisimama dirishani anatazama magari madogo huko chini. Nilimwendea nikamwambia usikate tamaa. Akanijibu, "Sikati. Si bado hawajaniambia?"

Tukarudi ndani. Jaji kakaa, sisi tumesimama wima na kimya kama tulivyofundishwa, wale sita wanaingia kwa mstari kupanda kwenye kizimba chao, ambacho kina kangazi kamoja kadogo ka mbao. Wa nne alikuwa mama wa makamo, sweta la kijani, miwani ya mnyororo. Akajikwaa. Hakuanguka hasa. Aliyumba, akashika ukuta, miwani ikaruka. Na ndugu zangu, mabenchi matatu! Kwa sauti moja! "Sooorry!" Mama Neema, mwonya watu: "Pole mama, pole!" Mzee wa msikitini: "Sorry, sorry, my sister!" Mimi mwenyewe nimeshika kifua, "So sorry!" Na wa kwanza wetu sote, kabla hata mama yule hajayumba vizuri, alikuwa mshtakiwa aliyeambiwa anyamaze, ameshainuka nusu kwenye kiti, mikono mbele kama anataka kumdaka, "Oh, sorry mama, sorry sana!" Na yuko mbali naye, chumba kizima kati yao.

Yule mama wa sweta akageuka, akatutazama mmoja mmoja, hajui tumemfanya nini hata tumwombe radhi. Akamtazama Kazungu. Akamtazama polisi. Na mimi nikaona, wallahi niliona, kile kitu kinaingia kichwani mwake kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa chake.

Jaji akagonga. Uso mwekundu. Akasema mtu yeyote akitoa sauti tena atalala ndani. Kijana wa serikali yuko juu anapinga, anapinga nini hata yeye hajui. Wakaitana mbele, wakanong'ona sana, nami nikajua tumemwangamiza ndugu yetu kwa midomo yetu, kesi itavunjwa, itaanza upya, au watamfunga kwa fujo zetu. Mama Neema anasali bila sauti, jasho linamtoka. Mwisho jaji akawageukia wale sita, akawaambia: mliyoyasikia sasa hivi kutoka kwenye mabenchi na kwa mshtakiwa si ushahidi. Yafuteni. Yahesabuni hayakuwapo.

Yafuteni! Mimi nimefagia sakafu maisha yangu yote, najua kinachofutika na kisichofutika. Karatasi unaweza kuifuta. Sikio utalifuta na dawa gani? Nilipenda mambo mengi ya mahakama ya watu hawa, lakini hili la kumwambia mtu asisikie alichosikia ndilo linalonichekesha mpaka leo, na ndilo lililotuokoa. Bi Karini, msichana mwenye akili, hakuligusa kabisa. Aliposimama kufunga alisema tu, serikali imewaletea neno moja. Hakuna alama kwenye gari, hakuna aliyeona. Neno moja. Kisha akalitamka, "Sorry," akaenda kukaa, akawaacha nalo. Wale sita wote wakatazama magoti yao, na yule wa sweta akatabasamu kidogo nyuma ya mkono.

Hawakukaa sana. Chai isingechemka. Wakarudi, safari hii sote tumeziba midomo kwa viganja, mabenchi matatu ya watu wamejiziba, yule mama akapanda kangazi kwa uangalifu kama bi harusi. Karani akasoma. Not guilty. Hapo tena nani wa kumzuia mtu? Vigelegele vilianzia ndani vikaishia korido ya pili. Jaji Yorona mwenyewe aliondoka haraka, na nitakufa nikisema alikuwa anacheka. Mlinzi wangu wa siku ya kwanza alikuja kunipa mkono. Mtu wa Mombasa alikuwa anambusu Bi Karini mikono, penseli imeanguka, nywele zimefumuka. Kwenye mlango wa lifti yule mama wa sweta la kijani akapita karibu na Mama Neema, akainama, akamwambia, "Mguu wangu mzima, asante kwa kuuliza." Mama Neema akamkumbatia na sufuria. Nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu aliyefunga goli kwa kisigino. Nilifikiri, hii ndiyo nchi! Mtu anashinda kwa tabia ya mama yake!

Nikamtafuta Kazungu nimwinue juu. Alikuwa amemsimamisha Bi Karini pembeni, na nikafika wakati anamwuliza. "Kwa hiyo, madam, wamesema sikumgonga?"

Msichana alikuwa bado anacheka. "Wamesema huna hatia."

"Ndiyo. Wamesema sikumgonga?"

Kicheko kikashuka. Akamshika mkono wa koti. "Wamesema serikali haijathibitisha. Nilikueleza, Kazungu. Hapa hatuulizi lile swali lingine."

"Linaulizwa wapi?"

Bi Karini akatazama mafaili yake. "Sijui," akasema. "Kwa kweli sidhani kuna mahali."

Kazungu akamshukuru, akamshukuru sana, kwa mikono miwili. Kisha akaenda mpaka mwisho wa korido ambako Mzee Arvid alikuwa anamngoja binti yake na gari. Akachuchumaa mbele ya kile kiti cha magurudumu. Nikawafuata nyuma. "Mzee," akamwambia, "kesi imekwisha. Hakuna atakayeandika. Ulikuwa umeshaanguka, au ni mimi?" Yule mzee akamtazama, macho ya maji, na nadhani angependa kumpa jibu lolote, alikuwa mtu mwema. Akasema, "Kijana, nami nimewauliza wote. Wewe ndiye uliyekuwepo." Wakabaki wameshikana mikono. Binti akaja, akakisukuma kiti.

Nilimwambia Kazungu twende, basi linakuja, Mama Neema ameshasema tukasherehekee kwake, kuna mbuzi. Vani yako wiki ijayo, wazee wako wanakungoja. Akanitazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. "Ndani humu kuna joto," akasema. "Wacha mimi nitangulie." Akashuka kwa ngazi. Sisi tukashuka kwa lifti na masufuria, tunaimba, watu wa ofisini wanatucheka.

Nje theluji laini ilikuwa inaanguka. Basi letu lilikuwa limesimama, watu wetu wanapanda mmoja mmoja wakigombea siti. Nikamwona ng'ambo, amepandisha kola, mikono mfukoni, anatembea. Hatembei upande wa kwetu wala upande wa kazini kwake. Nikamwita. Nina sauti, niliwahi kuuza samaki. Watu wote wakageuka isipokuwa yeye. Alivuka, akapita chini ya daraja la vioo, akapita duka la vitabu, mgongo ukawa mdogo, na kule kitandani kwake, na kwenye vani, na kwetu sote hakurudi tena. Mimi niliweka mguu mlangoni basi lisifunge. Dereva akaniuliza napanda au nashuka. Nikamwambia ngoja kidogo, bwana, kuna mwenzetu anakuja.